Kucheza Old Course ya St Andrews: mpira ukitua ndipo safari inapoanza

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mchezaji wa gofu wa Nairobi, umri wangu miaka 54, hendikapu 20, yaani kwa kawaida mikwaju 20 hivi juu ya kiwango cha uwanja. Mwezi Juni binti yetu anahitimu chuo kikuu kule Dundee, Uskoti, na mimi na mume wangu, ambaye hendikapu yake ni 15, tungependa kucheza raundi moja kwenye Old Course ya St Andrews, tunayoambiwa iko karibu. Je, mtu asiye mwanachama anaruhusiwa? Na uchezaji wake una tofauti gani na viwanja vyetu vya pwani, kama Nyali na Diani, ambako tumecheza mara nyingi na kuuzoea upepo wa bahari?"

Jibu:

Dada yangu, hongera kwanza kwa binti. Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa la kwanza ni la utaratibu tu na nitalifikia, ilhali hili la pili ndilo linalowaangusha wageni wengi kutoka kwetu. Kuwa kando ya bahari ni jambo moja, na kuwa uwanja wa aina ya St Andrews ni jambo jingine kabisa. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Huko unacheza kati ya minazi na mibuyu, juu ya majani yanayonyweshwa, na mpira ukitua hutua kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Old Course imekaa juu ya mchanga ulioachwa na bahari iliporudi nyuma zamani sana, mchanga ambao upepo uliurundika kuwa vilima na vibonde visivyo na mpangilio, kisha ukafunikwa na majani membamba, magumu, ya jamii ya feskyu. Ardhi ya namna hiyo, isiyofaa kwa kilimo, Waskoti huiita links, na ndiyo iliyoulea mchezo wenyewe. Maji ya mvua hupenya mchangani mara moja, kwa hiyo uwanja hubaki mgumu chini ya mguu. Mti wa kukukinga haupo. Na mpira ukitua ndipo safari yake inapoanza. Karibu yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Nyinyi wawili mna mzigo ambao mchezaji wa Mombasa hana. Mmezoea Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali kuliko unavyostahili. Ukishuka hadi usawa wa bahari unapoteza takriban asilimia 6 ya umbali kwa sababu ya mwinuko peke yake, na baridi ya Uskoti itakupunguzia nyingine kidogo. Hilo lakini ni rahisi kulirekebisha, kwani unachukua fimbo kubwa zaidi kwa namba moja na mambo yanakwisha. Gumu zaidi ni majani. Viwanja vyetu vingi vya nyanda za juu vimetandikwa majani ya kikuyu, ambayo huunyanyua mpira na kuushikilia kama yai ndani ya kiota, ukaweza kupitisha weji, ile fimbo ya mkwaju mfupi wa juu, chini yake bila hofu na kuurusha juu ukaanguke taratibu karibu na kibendera. Kule mpira hulala juu ya ardhi kama ulivyo mezani. Ukingo wa weji ukigusa udongo nukta moja kabla ya mpira, fimbo hudunda, na mpira hukimbia kwa hasira upande wa pili wa grini, ule uwanda wa majani mafupi wenye shimo.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Siku yangu ya kwanza pale mpira wangu ulikuwa hatua 25 nje ya grini, mbele yake kuna kijilima cha urefu wa goti. Nikatoa weji. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo, mzee mwenye uso uliochomwa na upepo, hakunikataza. Alininyooshea tu fimbo ya kusukumia, ile ya kumalizia shimo, akakaa nayo hivyo mkononi kama mtu anayemshikia mwenzake kikombe cha chai. Nikatikisa kichwa. Weji ikadunda, mpira ukavuka grini yote na kwenda kulala kwenye majani marefu ng'ambo. Mzee akarudisha ile fimbo mfukoni bila neno. Shimo lililofuata nilipofika mahali kama pale, niliiomba mwenyewe, nikausukuma mpira ukapanda kijilima, ukapinda kushoto, ukashuka na kusimama kiasi cha urefu wa fimbo mbili kutoka shimoni. Tangu hapo nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu kwamba katika uwanja ule msukumo mbaya kabisa kutoka nje ya grini una nafuu kuliko weji ya wastani.

Kwa hiyo kuanzia leo, dada, jizoezeni kusukuma kutoka mbali, hatua 20, 30, hata 40, na jizoezeni mkwaju mfupi wa chini wa chuma namba 7 au 8 unaoruka hatua chache na kukimbia zilizobaki. Mkifika St Andrews, kabla ya raundi, nendeni kwenye uwanja mdogo wa kusukumia uitwao Himalayas, ulio hatua chache kutoka Old Course. Ni makao ya klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1867, wageni hukaribishwa kwa ada ndogo, na jina lake halikutiwa chumvi sana: ni mawimbi ya ardhi tupu. Saa moja pale itakufunza kuisoma ardhi kuliko wiki nzima ya kupiga mipira kwenye uwanja wa mazoezi.

Sasa upepo. Unaniambia mmeuzoea upepo wa bahari, nami nakubali, ila kumbuka kwamba upepo wetu ni wa miadi: mwezi Juni ni kusi, na mvuvi yeyote atakuambia asubuhi utakavyokuwa jioni. Kule upepo mara nyingi hutoka magharibi, lakini unaweza kubadilika raundi ikiwa katikati, na makedi wa pale hushikilia kwamba hugeuka pamoja na maji yanapojaa au kupwa kwenye mdomo wa mto Eden. Manahodha wetu hawangeona ajabu. Ramani ya uwanja ndiyo inayoupa upepo nguvu, kwa maana mashimo sita ya kwanza hukupeleka karibu moja kwa moja mbali na mji, kisha unazunguka kitanzi kidogo kule mwisho, halafu unarudi sambamba na ulikotoka. Aliyekwenda tanga limejaa atarudi kwa kupiga bisho. Usije ukafurahia alama nzuri kwenye shimo la 6 ukadhani umeushinda uwanja. Huenda umesukumwa tu. Na wakati wa kurudi, upepo ukiwa usoni, usiongeze nguvu, kwani mpira uliopigwa kwa nguvu huzunguka zaidi na kupanda juu zaidi, ndiko upepo uliko. Chukua fimbo kubwa kwa namba mbili, uweke mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, upige nusu ya kawaida yako. Mwanamke mwenye hendikapu 20 na mkono mtulivu huwapita pale wanaume wengi wenye misuli.

Kuhusu njia ya kufuata, utasikia makedi wakirudia neno moja tangu asubuhi: kushoto. Upande wa kulia wakati wa kwenda kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, na wakati wa kurudi kuna mipaka ya uwanja. Kushoto kuna nafasi tele, kwa kuwa njia za kwenda na za kurudi zimeungana. Mashimo ya 1 na ya 18 yanatumia uwanda mmoja wenye upana wa karibu mita 120, usio na bunka, yaani shimo la mchanga, hata moja. Ushauri wa kushoto ni wa kweli kwa mchezaji wa kiwango chako, lakini ujue bei yake. Kadiri unavyokwenda kushoto ndivyo pembe yako ya kuingilia grini inavyoharibika, maana mabunka yamekaa kana kwamba yanamngoja aliyeogopa. Hapo ndipo penye akili ya uwanja huu, nami sijaona mwingine unaoweka hesabu hiyo wazi namna ile.

Mabunka yenyewe ni 112, na mengi yana majina kama watu: kuna Majeneza, kuna Pua ya Mkuu wa Chuo, na kwenye shimo la 14 kuna Jehanamu. Si sahani pana za mchanga kama tulizozizoea. Ni visima. Ukuta wake umejengwa kwa vipande vya majani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama matofali, ili upepo usiupeperushe mchanga, na baadhi yake humfikia mtu kifuani. Jack Nicklaus, mshindi wa The Open, mashindano makuu ya gofu ya Uingereza, pale mara mbili, alihitaji mikwaju minne kutoka Jehanamu mwaka 1995. Bobby Jones, akiwa kijana wa miaka 19, alinasa kwenye bunka la shimo la 11 mwaka 1921, akakata tamaa na kuuokota mpira wake, jambo alilolijutia baadaye. Mwaka 1927 alirudi akashinda, na mwaka 1958 mji ukamtunukia uraia wa heshima. Kwa upande mwingine, Tiger Woods mwaka 2000 alicheza raundi zote nne bila kuingia bunka hata moja, akashinda kwa mikwaju 19 chini ya kiwango. Kanuni yangu kwako ni fupi: ukiingia, tazama kwanza mpira uko umbali gani na ukuta. Ukiwa chini ya hatua moja na nusu, sahau kibendera, piga kando, au rudi nyuma ulikotoka. Mimi nilikataa kurudi nyuma ndani ya bunka liitwalo Strath, kwa sababu ya kiburi na watu waliokuwa wakitazama, nikaandika 7 kwenye shimo la mikwaju mitatu.

Grini nazo zitakushangaza. Saba kati yake ni za pamoja, kila moja ikihudumia mashimo mawili, la kwenda na la kurudi, na ukijumlisha namba za mashimo hayo jibu ni 18 daima: 2 na 16, 3 na 15, 5 na 13, na kuendelea. Ni mashimo ya 1, 9, 17 na 18 pekee yenye grini za peke yake. Kwenye grini za pamoja vibendera vya kwenda ni vyeupe, vya kurudi ni vyekundu, na nakuomba ukitazame kibendera mara mbili kabla ya kupiga, kwa maana wageni wengi wamepiga mkwaju mzuri sana kuelekea shimo la watu wengine, wakabakiwa na msukumo wa hatua 50. Kwenye kitanzi cha mwisho, mashimo ya 7 na 11 yanakatana njia kabisa. Hapo simameni, tazameni, mpeane nafasi na wenzenu.

Shimo la 17 linastahili maelezo yake, kwa kuwa ndilo linaloharibu kadi nyingi. Kwenye kianzio unatakiwa kupiga mpira juu ya pembe ya banda linaloiga vibanda vya reli ya zamani, lililo kwenye eneo la hoteli, bila kuiona njia iliyo nyuma yake. Grini ni nyembamba, imekaa kwa mshazari. Mbele yake kushoto kuna bunka dogo, na nyuma yake kuna barabara ya kweli na ukuta wa mawe. Barabara hiyo ni sehemu ya uwanja, hivyo mpira ukilala juu yake unachezwa ulipo, bila msamaha. Mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani alikuwa tayari juu ya grini, akausukuma mpira wake, ukateremkia kwenye bunka lile, na alipotoka alikuwa ameandika 9. Wewe usilicheze kama shimo la mikwaju minne. Anza kushoto kwa banda, na mkwaju wa pili uuache makusudi mbele ya grini upande wa kulia, mahali ambapo bunka haliko kati yako na kibendera. Kama umbali unakulazimu kutumia mkwaju wa tatu kufika hapo, utumie bila aibu. Kisha chukua fimbo ya kusukumia. Tano yako, au sita, itakuwa alama ambayo mabingwa wamewahi kuitamani. Wanawake wameonyesha pia kwamba shimo lile linashindika: Stacy Lewis alipiga pale mkwaju wa pili wa ajabu siku ya mwisho mwaka 2013, mpira ukasimama karibu na shimo, akaunyakua ubingwa wa Women's British Open.

Nikirudi kwenye swali lako la kwanza, jibu ni ndiyo, tena bila kumjua mtu. Wengi wanadhani uwanja ni mali ya klabu ile maarufu ya Royal and Ancient yenye jengo la mawe nyuma ya kianzio cha kwanza, klabu ambayo, nikiruhusiwa kuchomekea, ilipiga kura ya kuwakubali wanawake mwaka 2014 tu. Sivyo. Ardhi ni ya umma. Hati ya askofu mkuu John Hamilton ya mwaka 1552 ilitambua haki ya wenyeji kucheza pale, na mwishoni mwa karne ya 18 baraza la mji lilipoishiwa fedha na ardhi ikaangukia kwa wafugaji wa sungura, wenyeji walivutana nao mahakamani na uwanjani hadi mwaka 1821. Sisi tunaojua jinsi kiwanja cha umma kinavyoweza kuamka asubuhi kimezungushiwa uzio tunaweza kuwaheshimu kwa hilo. Leo uwanja unaendeshwa na St Andrews Links Trust, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974, pamoja na viwanja vingine sita.

Njia inayowafaa ni bahati nasibu ya kila siku. Mnajiandikisha siku mbili kabla ya siku ya kucheza, kabla ya saa nane mchana kwa saa za kule, na majibu hutoka jioni hiyo hiyo. Lazima muwe wawili hadi wanne, nanyi mko wawili tayari. Chukueni vyeti vya hendikapu kutoka klabu yenu, kwa kuwa mnaweza kuulizwa, na tengeni zaidi ya pauni 300 kwa kila mmoja katika msimu huo. Jumapili uwanja hufungwa kwa gofu, isipokuwa kwa mashindano makubwa, na hugeuka kuwa bustani ya mji ambapo watu hutembeza mbwa na watoto. Nitumieni hilo hivi: fikeni Jumamosi asubuhi, jiandikisheni kwa ajili ya Jumatatu, Jumapili jiandikisheni kwa Jumanne, kisha mwende mkautembee uwanja wote bure, msimame ndani ya Jehanamu, muiguse grini ya 17 kwa mkono. Kutoka Dundee ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Bahati ikigoma, chezeni New Course, iliyo ubavuni mwake tangu mwaka 1895, iliyochorwa na Old Tom Morris. Ni mchanga ule ule na upepo ule ule, na ada yake ni ndogo zaidi.

Chukueni makedi, hata kama kwenu mmezoea kubeba wenyewe, maana mkwaju mwingi pale hupigwa bila kuona unakoelekea. Mtatembea njia nzima, kwa kuwa vigari haviruhusiwi ila kwa mwenye sababu ya kiafya. Vaeni kama mnavyovaa Limuru mwezi Julai, na koti la mvua juu, lakini mwavuli uacheni hotelini. Kuhusu mwanga msiwe na shaka: Juni jua hutua karibu saa nne usiku, hivyo hata mkipangiwa alasiri mtamaliza kwa raha.

Kwenye shimo la 18 elekeza mpira kwenye saa iliyo juu ya jengo la klabu. Ukifika kwenye daraja dogo la mawe la Swilcan utataka picha na mumeo, na mpige, lakini moja au mbili tu, kwa kuwa kuna watu nyuma yenu. Mbele ya grini kuna shimo la ardhi linaloitwa Bonde la Dhambi, na mpira wenye woga hurudi humo. Mwaka 1995 Costantino Rocca wa Italia aliusukuma mpira kutoka ndani yake hadi shimoni na kuingia kwenye mchujo, ingawa John Daly ndiye aliyeondoka na kombe. Mpira wako ukibaki humo, usiguse weji. Pima kwa hatua, ongeza theluthi moja kwa ajili ya mpando, na usukume.